Somo la Nyumbani: Majani ya Kufukuza Mbu

Mungu alipoiumba nchi aliijaza majani ya kila namna, mengine ya chakula, mengine ya dawa. Katika bustani zetu nyingi humea kivumbasha, mrehani na mchaichai, ambayo wazee wetu waliyatumia tangu zamani kufukuza mbu. Katika somo hili twataka kujifunza mambo matatu: kwa nini majani haya hufaa, jinsi ya kuyatengeneza, na kazi ambayo hayawezi kuifanya. Jambo la tatu ndilo kubwa, maana nyumba isiyolijua yaweza kupotewa na mtoto.

Mwaka 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza Martin Luther kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Katika jibu lake alifundisha kwamba mtu amwombe Mungu amlinde, kisha afukize nyumba na kutumia dawa. Naye azidharauye dawa humjaribu Mungu. Watu wa zamani zile walidhani kwamba magonjwa huletwa na hewa mbaya. Hata neno malaria latoka katika Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Lakini mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Tangu hapo adui wetu amejulikana.

1. Kwa nini majani hufaa

Mbu aumaye ni jike tu, naye hutafuta damu ili apate kutaga mayai. Humtambua mtu kwa pumzi yake, kwa joto na kwa harufu ya mwili. Majani tuliyoyataja yana mafuta yenye harufu kali, ambayo humchafulia mbu njia yake. Lakini harufu hiyo imefungwa ndani ya jani, nayo hutoka kwa wingi jani lipondwapo, lipashwapo moto au lichomwapo. Kwa hiyo chungu cha mrehani kilichowekwa dirishani hupendeza macho, bali hakilindi chumba.

2. Kutengeneza mafuta ya kupaka

Chuma majani ya kivumbasha au mchaichai, uyaoshe, uyaanike kivulini hata yakauke kabisa. Maana maji yakibaki katika majani, mafuta yataota ukungu. Yavunjevunje. Kwa kikombe kimoja cha majani tia vikombe viwili vya mafuta ya nazi au ya alizeti katika bakuli la bati. Liweke bakuli ndani ya sufuria yenye maji, juu ya moto mdogo, muda wa saa moja au mbili. Mafuta yapate joto tu, yasichemke, kwa kuwa moto mkali huifukuza harufu ile ile tunayoitaka. Yakiisha kupoa, yachuje kwa kitambaa safi, uyatie katika chupa kavu, uyaweke mahali penye giza na baridi. Yakianza kunuka vibaya, yatupwe.

Kwanza paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja. Ukiona vipele au mwasho, usiyatumie. Yasifike machoni wala kinywani. Mtoto asipakwe mikononi, maana ataipeleka kinywani. Na mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe kabisa. Tena mafuta haya si ya kunywa.

3. Moshi

Jioni waweza kutia majani makavu ya kivumbasha juu ya makaa, nje karibu na mlango. Lakini usiingize jiko la makaa katika chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu, nayo huwaua watu usingizini. Hata moshi wenyewe huumiza vifua vya watoto.

4. Kazi ambayo majani hayawezi

Harufu ya majani hupotea upesi. Mafuta yaliyopakwa jioni huisha nguvu kwa muda wa saa moja au mbili hivi, na mbu wa malaria huuma usiku kucha. Basi atakayelala bila chandarua kwa kuyategemea mafuta, amemwacha mlinzi wa kweli na kumshika msaidizi. Mahali pa majani ni zile saa ambazo chandarua hakiwezi kutufuata: mama apikapo uani, jamaa wakaapo katika sala ya jioni, au watu wakeshapo penye msiba. Wakati wa kulala ukifika, watu wote na waingie ndani ya chandarua kisichotoboka.

Tena mbu hukua majini kutoka yai hata kuruka kwa muda wa wiki moja au mbili tu. Kwa hiyo kila wiki tumwage maji yaliyotuama katika makopo na magurudumu ya zamani, na mitungi tuifunike.

Na homa ikimshika mtu, hasa mtoto au mama mwenye mimba, apelekwe zahanati siku ile ile apimwe damu. Majani haya hufukuza mbu, hayaponyi malaria. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, na Isaya nabii akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi hayakuizuia dawa, wala dawa haikuyaondoa maombi.

Twawasihi walimu na wainjilisti, mnapozuru nyumba za Wakristo, ulizeni pia habari ya chandarua, kama kipo na kama watoto hulala ndani yake. Nalo ni neno la upendo.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini majani huanikwa kivulini kabla ya kutiwa katika mafuta?
2. Katika nyumba yako, ni saa gani ambazo watu hukaa nje ya chandarua?
3. Utamjibu nini jirani asemaye kwamba aombaye hana haja ya kwenda zahanati?

Bwana azilinde nyumba zenu, mchana na usiku.