Nyota Moja au Mbili? Somo Nililolipata TP

Wenzangu wa ualimu, hili linatuhusu.

Shule niliyopangiwa TP ilikuwa na darubini ndogo kabatini, lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 60. Jioni moja ya Julai, saa mbili usiku, niliwatoa Kidato cha Tatu uwanjani tuangalie Akruksi, nyota angavu kuliko zote katika Msalaba wa Kusini. Darasani nilishawaambia: kwa macho ni moja, kwenye darubini ni mbili, na Wajesuiti wa Ufaransa waliligundua hilo mwaka 1685 wakiwa Rasi ya Tumaini Jema.

Wa kwanza akachungulia. "Mbili, mwalimu." Wa pili, mbili. Wote mbili! Mpaka binti mmoja akasema, "Mimi naona moja, inachezacheza." Nikamwambia aangalie vizuri. Akarudia, akasema kwa sauti ndogo, "Mbili."

Nilipochungulia mwenyewe, niliona moja.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nyota hizo zimeachana kwa sekunde 4 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Ni sawa na sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka kilomita 1.3 hivi. Je, darubini ile iliweza? Kanuni ya Mwingereza Dawes ni rahisi: gawa 116 kwa upana wa lenzi kwa milimita. 116 kwa 60 ni kama 1.9, kwa hiyo sekunde 4 inaziweza. Ila mimi niliweka lenzi ya jicho ya milimita 25. Fokasi ya darubini ni milimita 700, basi ukuzaji ulikuwa mara 28 tu. Halafu darubini ilikuwa imetoka ndani sasa hivi, bado ina joto, na Msalaba ulishaanza kushuka, kwa hiyo tuliutazama kupitia hewa nyingi.

Nikaweka lenzi ya milimita 10, ukuzaji mara 70. Tukasubiri nusu saa darubini ipoe. Safari hii sikutaja idadi. Nilisema kila mtu achore alichoona, bila kuongea na mwenzake. Wengine walichora moja, wengine mbili. Yule binti alichora mbili, moja kubwa kidogo, akaandika pembeni: "zinaachana hewa ikitulia, kisha zinaungana tena." Hakuna aliyeeleza vizuri kuliko yeye, na ndiye niliyetaka kumnyamazisha.

Isitoshe, hata "mbili" yangu haikuwa jibu kamili. Ile angavu zaidi yenyewe ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 76 hivi, zimekaribiana mno kwa darubini kama ile.

Basi ukienda TP, iwe ni darubini au hadubini, usitaje jibu kabla hawajachungulia. Wape karatasi wachore kwanza. Na akitokea mmoja anayesema tofauti na wenzake, wewe mwenyewe chungulia kabla hujamwambia aangalie vizuri.