SOMO LA LEO: KUONDOA WINO KWENYE KITI CHA GARI



Tangu ulipojua kusoma na kuandika, kalamu haikosi mfukoni mwako. Unaandika hesabu za duka. Unaandika barua. Unatia sahihi karatasi za ushirika. Hilo ni jambo jema. Lakini kalamu ya biro ina kasoro moja. Ikipata joto kali, au ikikaliwa ikapasuka, huvuja. Wino ukimwagika kwenye karatasi, hasara ni karatasi tu. Ukimwagika kwenye kiti cha gari la mtu, hapo huwa ni kesi.

Hebu tuseme mzee mmoja amepanda gari la kukodi kwenda wilayani. Biro imo mfuko wa nyuma wa suruali. Anaposhuka, kiti kina alama kubwa ya bluu.

"Mzee, tazama kiti hiki!" anasema dereva. "Na gari si langu. Tajiri atanikata mshahara."

"Lo! Niwie radhi, mwanangu. Lete maji na sabuni tusugue."

"Ngoja kwanza, mzee wangu. Tusije tukaharibu zaidi."

Dereva amesema kweli. Kusugua kwa nguvu hutandaza wino na kuchubua ngozi. Basi tujifunze njia iliyo bora.

BIRO NI NINI?

Neno biro limetokana na jina la mtu. Mtu huyo ni László Bíró, aliyezaliwa Budapest, nchi ya Hungaria, mwaka 1899. Alikuwa mwandishi wa habari. Aliona kuwa wino wa kuchapia magazeti hukauka upesi, lakini wino wa kalamu hukawia kukauka na kuchafua karatasi. Wino ule wa magazeti ni mzito, haukuweza kupita katika kalamu za wakati huo. Basi yeye na ndugu yake wakatengeneza kalamu yenye kigololi kidogo kwenye ncha. Kigololi huzunguka na kubeba wino. Mwaka 1938 walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mtu aliyevumbua kitu.

Wino wa biro ni rangi iliyochanganywa na vimiminika vizito visivyo maji. Ndiyo maana maji peke yake hayauondoi. Lakini spiriti huuyeyusha.

JE, KITI NI CHA NGOZI KWELI?

Viti vingi vinavyoitwa vya ngozi ni vya plastiki. Tafuta mahali palipo wazi chini ya kiti, utazame upande wa ndani. Ngozi ya mnyama ina nyuzinyuzi kama manyoya mafupi. Plastiki imebandikwa juu ya kitambaa.

Kama ni ngozi, dondosha tone moja la maji mahali palipofichika. Tone likikaa juu, ngozi hiyo imepakwa rangi ya kuikinga. Hiyo unaweza kuisafisha. Tone likinywewa upesi, ngozi haina kinga. Usiiguse kwa spiriti. Mpelekee fundi wa viti.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Spiriti ya dukani kwa dawa, ile ya kusafishia mwili kabla ya kupigwa sindano.
2. Pamba safi.
3. Vitambaa viwili laini vyeupe.
4. Maji kidogo na sabuni isiyo kali.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza: Kama wino bado ni mbichi, ubonyeze kwa kitambaa kikavu. Usisugue. Kitambaa kitanywa wino mwingi.

Pili: Jaribu spiriti mahali palipofichika. Subiri pakauke. Kama rangi ya kiti imehamia kwenye pamba, acha. Dawa hiyo haikifai kiti hicho.

Tatu: Lowesha pamba kidogo tu. Usimimine spiriti juu ya kiti. Gusagusa alama, ukianzia pembeni kwenda katikati, ili wino usitambae.

Nne: Pamba ikishika wino, itupe, chukua nyingine. Ukitumia ileile, unaurudisha wino kwenye kiti.

Tano: Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni. Kisha futa kwa maji matupu. Kausha kwa kitambaa kikavu. Acha kiti kikauke chenyewe, kisipigwe na jua kali.

Sita: Spiriti hukausha ngozi. Ikikauka sana hupasuka. Paka mafuta maalumu ya ngozi kama yanapatikana. Usipake mafuta ya kupikia, maana huvunda na kushika vumbi. Usipake dawa ya viatu, kwani itahamia kwenye nguo za abiria.

Fanya kazi hii mapema. Wino huzama polepole. Ukikaa siku nyingi, hasa kwenye plastiki, huenda usitoke kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

HATARI ZA KUKWEPA

Wako watu watakaokwambia, "Chukua petroli, wino utatoka mara moja." Usikubali! Mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche ndogo tu. Ndani ya gari mvuke hujikusanya. Mtu anaweza kuungua vibaya sana kwa sababu ya doa la wino.

Spiriti nayo huwaka. Fungua milango yote ya gari. Zima injini. Pasiwe na sigara, kiberiti wala jiko karibu.

Dawa ya kuondoa rangi ya kucha na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe zisitumike. Huharibu rangi ya kiti.

Jambo kubwa kupita yote: spiriti si kinywaji. Spiriti nyingine zina sumu iitwayo methanoli. Sumu hiyo hupofusha macho, na huua. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda, atakunywa. Iache katika chupa yake yenye maandishi, uiweke juu, mbali na watoto. Wewe sasa unajua kusoma. Soma maandishi hayo kabla ya kufungua kizibo.

Na kalamu je? Iweke kifuniko chake, uitie ndani ya mkoba. Usiikalie.

MASWALI

1. Kwa nini maji peke yake hayaondoi wino wa biro?
2. Utatambuaje kiti cha ngozi na kiti cha plastiki?
3. Kwa nini tunaanzia pembeni mwa alama?
4. Taja hatari mbili za spiriti nyumbani.
5. Je, nani alipe kiti kilichoharibika: abiria, dereva au mwenye gari? Jadilianeni na wenzako.