Umbali wa Ramani na Umbali wa Mguu

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Treni za abiria za kwenda Moshi, zilizokuwa zimesimama kwa miaka mingi, zilirejea katika njia hiyo Desemba 2019. Hata hivyo, reli haipiti Kerenge. Kwa mkazi wa huko, kama ilivyo kwa wanavijiji wengi wa Wilaya ya Korogwe, safari ya treni huanzia njiani, wala si stesheni. Je, ubora wa njia waweza kupimwa kwa hesabu?

Waweza. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya watembeao milimani: kilometa 5 kwa saa, na saa 1 zaidi kwa kila meta 600 za kupanda. Hivyo mwinuko wa meta 100 huongeza dakika 10. Mwaka 1993 mwanajiografia Waldo Tobler alitoa fomula ambayo kwayo mwendo wa tambarare ni kilometa 5 hivi kwa saa penye njia; pasipo njia hushuka hadi tatu ya tano ya mwendo huo, yaani kilometa 3.

Sasa ichukuliwe stesheni iliyo tambarare, na watu walio tayari kutembea nusu saa. Penye njia nzuri pande zote, stesheni huhudumia duara lenye nusukipenyo cha kilometa 2.5, yaani eneo la kilometa za mraba 19.6. Pasipo njia, nusukipenyo ni kilometa 1.5, na eneo ni 7.1 tu. Mwendo umepungua kwa asilimia 40, bali eneo limepungua kwa asilimia 64, kwa kuwa eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha nusukipenyo.

Duara hilo hupunguzwa pia na mto usio na daraja, tope la masika, giza na mzigo kichwani. Stesheni haikusogea hata hatua moja. Lakini kwa mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, imekwenda mbali. Daraja dogo la miguu laweza kuirudisha karibu bila reli yenyewe kuguswa.

Zoezi: Wanafunzi wapime meta 200 za njia kavu na meta 200 za njia yenye tope au majani, kisha watembee kote wakiandika muda. Wagawanye mwendo wa pili kwa wa kwanza, na jibu walizidishe kwa lenyewe. Ni sehemu gani ya eneo iliyobaki?