Kusoma Bila Maneno: Mchoro na Usimulizi katika The Arrival ya Shaun Tan

Fasili iliyozoeleka madarasani hueleza fasihi kuwa sanaa itumiayo lugha. Fasili hiyo inatiwa mizanini na The Arrival, kitabu cha michoro cha Shaun Tan wa Australia kilichochapishwa mwaka wa 2006. Kurasa zake zaidi ya 100 hazina sentensi hata moja inayosomeka. Hata hivyo, mwaka wa 2007 kilituzwa kuwa Kitabu Bora cha Mwaka katika tuzo za fasihi za jimbo la New South Wales. Makala haya yanadai kuwa kukosekana kwa maneno humo si pengo, bali ndiyo mbinu kuu ya usimulizi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwanamume anamwaga mkewe na binti yao, kisha anavuka bahari kutafuta maisha katika nchi ngeni. Msuko upo, wahusika wapo, mandhari yapo. Hata wakati unasimuliwa. Pale ambapo mwanariwaya angeandika kuwa siku nyingi zilipita, Tan anachora makumi ya picha ndogo za mawingu, na msomaji anahisi urefu wa safari. Motifu nayo haikosekani: ndege wa karatasi anayeonekana nyumbani mwanzoni hurejea baadaye akiwa barua kwa familia.

Hata hivyo, uzito wa kazi hii umo katika maandishi yake. Mji mgeni umejaa mabango yaliyoandikwa kwa hati aliyoibuni msanii mwenyewe. Mbele ya hati hiyo, profesa na mtoto wa chekechea ni sawa. Wote hawajui kusoma. Mhamiaji akihitaji malazi, huchora kitanda. Akiajiriwa kubandika matangazo, huyabandika kichwa chini, naye hufutwa kazi. Katika riwaya ya kawaida, msimulizi angetuarifu kuwa mhusika haelewi lugha, ilhali sisi tunaelewa kila neno. Hapa msomaji anatwikwa ugeni uleule.

Yupo atakayeshikilia kuwa hii ni kazi ya uchoraji, si ya fasihi. Hoja hiyo ina mashiko, kwani ufundi wa Tan ni wa penseli. Lakini neno taswira, ambalo wahakiki wa Kiswahili hulitumia kila siku, lina asili ya Kiarabu na lilihusu kutia sura, yaani kuchora. Uhakiki uliokopa istilahi kutoka kwa mchoraji hauwezi kumfungia mlango.

Isitoshe, lugha haijatoweka. Imehamia kwa msomaji. Wanafunzi wawili wakitakiwa kusimulia ukurasa mmoja kwa Kiswahili, watatoa masimulizi mawili, na kila mmoja atalazimika kuyatetea kwa ushahidi wa mstari na kivuli. Huo ni uhakiki kamili. Kwa hiyo, fasili ya fasihi haihitaji kutupwa. Inahitaji kukiri kuwa lugha ya kazi ya fasihi yaweza pia kukaa kinywani mwa anayeisoma.