Ndege ya Mbao Nyepesi: Je, Tuitengeneze Sangailu?

Somo la safari hii tumeletewa na kijana mmoja wa hapa Sangailu. Alikuwa kidato cha pili. Aliona kwenye simu ya binamu yake mtu wa ng'ambo akijenga ndege ndogo ya jeti nyumbani kwake, kwa mbao ya balsa. Mtu yule aliipeleka uwanjani akairusha kwa rimoti, nayo ikavuma kama jeti ya kweli. Kijana hakulala. Kesho yake akaanza kukusanya vitu: mota ya redio kaseti iliyokufa, nyaya, betri mbili za simu, rimoti ya gari la kuchezea. Akavificha chini ya kitanda.

Jirani akaviona. Tusimlaumu jirani, maana sote tunajua tunaishi wapi. Msitu wa Boni uko karibu, mpaka wa Somalia hauko mbali, na tangu Septemba 2015, ilipoanzishwa Operesheni Linda Boni, kila mtu hapa amejifunza kuogopa kitu asichokijua. Mabomu ya kutegwa barabarani yameua askari na raia katika Garissa na Lamu. Sasa nyaya, betri na rimoti vikikutwa pamoja chini ya kitanda, nani atauliza kwanza kama ni ndege? Kijana aliulizwa maswali siku mbili. Aliporudi nyumbani alikuta baba yake amekwisha kuchoma kila kitu, hata daftari la michoro.

"Mwalimu," mzee alituambia tulipomtembelea, "mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume. Ndege ya nini?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu letu, na limechelewa kwa sababu ilibidi na sisi tujifunze kwanza. Tulisomea ustawi wa jamii, hatukusomea urubani.

Ile ndege ya kwenye simu

Kwanza tuseme ukweli: kijana hakuota. Ndege kama ile inajengwa nyumbani kweli, mezani, kwa kisu na gundi.

Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Balsa nyingi inayouzwa duniani hutoka Ekuado. Hukua haraka sana na hukatwa baada ya miaka michache tu. Ubao wake ukikauka, mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo kama 160 hivi, wakati maji ya ujazo huo huo ni kilo 1,000. Ndiyo maana mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwe na wenzake watano walifunga magogo ya balsa wakafanya chelezo, wakavuka bahari kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia kwa siku 101. Na katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na ndege ya vita iitwayo Mosquito ambayo mwili wake ulikuwa balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi mbili nyembamba. Hebu shika neno hilo, chepesi katikati na kigumu nje. Tutalirudia.

Fundi wa ndege ndogo huanza na ramani. Hukata vipande vya mviringo vya kuupa mwili umbo lake, na mbavu za mabawa, moja moja, kutoka ubao wa unene wa milimita 2 au 3. Mbavu hupangwa juu ya ramani na kuunganishwa na fito ndefu, halafu mifupa yote huvikwa ngozi ya balsa nyembamba au karatasi ya plastiki inayojikaza ikipigwa pasi. Ni kazi ya wiki nyingi. Mikono yenye haraka haiwezi.

Injini nayo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni feni ndogo ndani ya bomba. Mota ya umeme huizungusha mara makumi ya maelfu kwa dakika, ikavuta hewa mbele na kuisukuma nyuma. Ya pili ni jeti halisi inayochoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Hiyo bei yake ni zaidi ya dola elfu moja kabla hujanunua kitu kingine, na moshi wake unaunguza. Watu wengi wa nyumbani hutumia feni. Vimota vidogo viitwavyo sevo hupokea amri za rimoti na kuvuta mikia na vibawa vya usukani.

Haya, na hatari yake? Ndege kama hiyo yaweza kuwa na kilo moja na nusu, na hukimbia kilomita 100 kwa saa au zaidi. Ikimpata mtoto kichwani, hicho si kitu cha kuchezea tena.

Betri zake ni za lithiamu, ndugu za betri za simu zetu, na hapa tunaomba akina mama wasikilize hata kama ndege haiwahusu. Betri ya lithiamu ikitobolewa, ikikunjwa au ikichajiwa kwa waya usio wake, inaweza kulipuka moto ghafla. Iliyovimba isitumiwe tena. Usichaji usiku ukiwa umelala, hasa katika nyumba ya fito na mikeka. Kijana wetu alikuwa na betri mbili za simu, zimefungwa pamoja na waya, chini ya godoro la sponji. Tukimwuliza baba yake kwa nini alichoma, tungemwuliza pia kama alijua kwamba godoro lenyewe lingeweza kuwaka.

Sheria inasemaje

Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani ndani. Zinahusu kuagiza, kumiliki, kusajili na kurusha, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Usiseme, "Yangu ni ndogo, nimeitengeneza mwenyewe." Kabla ya kurusha kitu chochote cha rimoti, kaulize kwanza, upate jibu kwa maandishi. Na kwetu hapa, hata ukiwa na karatasi, askari aliye kichakani hataisoma karatasi yako kutoka chini wakati kitu kinavuma juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo ushauri wetu tunausema wazi: rimoti, mota na betri tuviache. Kwa Sangailu ya leo, bei yake si shilingi tu. Mtu akihamia Nairobi akajiunga na watu wanaofanya kazi hii kwa kibali, hayo ni mengine.

Lakini je, ndege yote tuiache? Hapo ndipo tunapotofautiana na mzee, kwa heshima zote. Rimoti haifanyi ndege iruke. Kinachoirusha ni bawa, uzito na mizani, na hayo matatu hayahitaji kibali cha mtu wala senti moja.

Ndege ya bua

Kumbuka ile Mosquito. Sasa chukua bua la mtama au la mahindi lililokauka vizuri, ulikate, ulitazame. Ndani kuna sponji nyeupe nyepesi, nje kuna ganda gumu. Ni jambo lile lile, na Mungu alilifanya kabla ya Waingereza. Watoto wa Afrika Mashariki wametengeneza magari na ng'ombe kwa mabua tangu zamani. Ndege pia inatoka.

Utahitaji bua moja, katoni nyembamba kama ya biskuti, wembe, rula, uzi, gundi, na udongo wa mfinyanzi au msumari.

Mwili: bua lililonyooka, urefu sentimita 40. Likiwa limepinda, litupe, usijidanganye kwamba utalinyoosha.

Bawa: katoni ya sentimita 40 kwa 8. Ikunje katikati kidogo ili ncha zote mbili ziinuke kama sentimita 3 kuliko katikati. Mkunjo huo si urembo. Ndege ikielemea upande mmoja, bawa la upande ule hupata nguvu zaidi na kuirudisha. Tulipojaribu bila mkunjo, ilijiviringisha na kuanguka kila mara. Kama katoni inalegea, gundisha ufito mwembamba wa ganda la bua kwa chini, kutoka ncha hadi ncha.

Mkia: kipande cha kulala cha sentimita 16 kwa 5, na cha kusimama cha kimo cha sentimita 6. Vyote hukaa mwisho kabisa wa bua.

Funga bawa juu ya bua kwa uzi, ukingo wake wa mbele uwe sentimita 11 kutoka puani. Usitie gundi bado, maana utalisogeza.

Sasa inakuja mizani, na hapa ndipo wengi hushindwa. Weka vidole viwili chini ya bawa, sentimita 3 hivi nyuma ya ukingo wa mbele, uinue. Ndege inatakiwa itulie, pua ikiinama kidogo tu. Mara ya kwanza mkia utaanguka, hilo usihofu. Bandika udongo puani, kidogo kidogo, mpaka itulie. Wazee wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mzigo wa ngamia ukielemea nyuma, ngamia hatembei vizuri hata kama mzigo wenyewe ni mwepesi. Tulimweleza hivyo yule mzee, akatutazama akasema, "Basi hiyo ndege yenu ni ngamia." Ndiyo, mzee, ni ngamia.

Kurusha

Toka mapema, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Wakati wa kusi, ikifika saa nne hakuna kazi tena. Tafuta mahali penye nyasi au mchanga. Elekea upepo, shika bua chini ya bawa, usukume polepole mbele kama unamkabidhi mtu kitu. Usitupe kama jiwe. Vijana wote hutupa kama jiwe, kisha husema ndege ni mbovu.

Ikiinua pua, ikasimama hewani, kisha ikaanguka, pua ni nyepesi: ongeza udongo. Ikienda moja kwa moja chini, punguza udongo, au kunja ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo, milimita 2 tu. Ikikata kona upande mmoja, itazame kwa mbele, karibu kila mara bawa limepinda. Badilisha kitu kimoja tu kila safari, uandike katika daftari: ulibadilisha nini, ikaenda hatua ngapi. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikiruka hutajua ni kipi kilichosaidia.

Daftari hilo ndilo tunalolipenda kuliko ndege yenyewe. Siku mwalimu wa fizikia atakapofundisha nguvu na mizani, mwenye daftari atakuwa amekwisha kuyaona kwa macho.

Jambo moja la mwisho kuhusu usalama, nalo lisirukwe. Fanyeni kazi hii mchana, mahali pa wazi, watu wakiona. Mwambieni chifu na wazee kabla ya kuanza, mwambieni na maalim wa duksi, watoto wake watakuja tu. Kama kuna kambi ya askari karibu, mkubwa wao aambiwe na chifu, siyo na watoto. Msirushe kuelekea kambini wala barabarani. Na mtoto akikuta kichakani chuma, waya au kopo asilolijua, asiliguse, hata kama linafaa sana kwa ndege. Aweke alama kwa mbali akaite mtu mzima. Tunatumia mabua kwa sababu hiyo pia: bua halijawahi kumkata mtoto mkono.

Tulirudi kwa yule mzee tukiwa na bua na katoni, tukakaa nje ya nyumba yake ambapo kila apitaye aliona. Kijana hakutaka kushika kitu. Alikaa pembeni, mikono magotini. Dada yake mdogo ndiye aliyekunja bawa, akalikunja vibaya, na kijana akavumilia kama dakika kumi hivi, kisha akasema, "Siyo hivyo, lete." Ndege ya kwanza ilianguka hatua nne. Ya sita, asubuhi ya pili, ilienda hatua 23. Aliyezihesabu ni baba yake. Daftari jipya alilinunua yeye, ingawa alituomba tusilitaje jambo hilo mbele ya watu. Tunamwomba radhi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Mtoto wako akificha kitu chini ya kitanda, anaogopa nini: kitu chenyewe, au wewe?

2. Jirani aliona nyaya na betri. Angeweza kwenda kwa nani kwanza?

3. Katika kijiji chenu, ni uwanja upi ulio wazi, mbali na barabara na kambi, na nani atamwambia chifu?

4. Bua la mtama na bua la mahindi, lipi ni jepesi zaidi kwa urefu ule ule? Msibishane, pimeni.