Kuanza Kufuma Sufu

Mwenye kuanza kufuma achague sufu nene kiasi, nyeupe au ya manjano, maana katika uzi mweusi vitanzi havionekani vema. Sindano mbili za unene wa milimita 5 zamfaa. Atie vitanzi 20 katika sindano moja, asivikaze: kitanzi kilichokazwa hakipitishi sindano ya pili, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kila mwisho wa mstari avihesabu. Vikizidi 20, yamkini uzi ulipita juu ya sindano pasipo kukusudia. Kitambaa kitapanuka upande kama mkeka uliosukwa vibaya. Asione haya kufumua, kwani uzi haupotei. Hata kipande kizuri cha kwanza, kikifika shubiri moja, kifumuliwe chote, na sufu ileile ianze kofia ya mtoto.