Programu Yako Iandikwe kwa Jina Lako: Kujiandaa na Nusu Marathoni ukiwa Mbinga au Ufukweni mwa Nyasa

Programu za marathoni zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zinafanana. Jumatatu pumzika, Jumanne kilomita 8, Alhamisi mbio za kasi, Jumapili kilomita 18. Aliyeiandika hakujua kwamba Jumatatu yako huanzia shambani Litembo, jembe mkononi, ukichimba mashimo ya ngoro. Hakujua kwamba kilomita nane za tambarare huzipati karibu na kwako hata ukizitafuta, wala kwamba mwenzako wa Liuli atakayeifuata programu hiyo hiyo atapambana na joto na mchanga usiokuhusu wewe. Wengi wanaoumia magoti mwezi wa pili wa mazoezi, wakaacha mbio moja kwa moja, si wavivu. Wamefuata kwa uaminifu programu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nasema bila kusita: mkimbiaji wa ridhaa wa wilaya za Mbinga na Nyasa anahitaji kocha anayeyajua maisha yake kuliko anavyohitaji raba mpya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumpata kocha huyo na namna ya kufanya naye kazi. Nimechukua mfano wa nusu marathoni, kilomita 21, katika Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikifanyika Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hesabu wiki 16 kurudi nyuma na utajikuta mwanzoni mwa Novemba, mvua zinapokaribia.

Hatua ya kwanza: andika kazi zako kabla ya kilomita

Chukua daftari la shule. Kwenye kurasa mbili za mwanzo andika miezi minne ijayo, wiki kwa wiki, na kila wiki andika kazi inayokungoja. Mkulima wa Umatengo ataandika kupanda mahindi mvua zikishika, kisha palizi, kisha ngoro na maharage kuanzia Februari hadi Machi. Kuchuma, kumenya na kuanika kahawa havimo, kwa kuwa hivyo ni vya katikati ya mwaka, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya mtu wa Mbinga kuchagua shindano la Februari badala ya la Agosti. Mwalimu ataandika mitihani. Mama ataandika maji, kuni na watoto, na asiogope kuviandika, maana vyote vinatoka kwenye mwili uleule utakaokimbia.

Mvuvi wa dagaa wa Mbamba Bay ana kalenda tofauti kabisa: kalenda ya mwezi wa angani. Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri, kwa hiyo siku hizo mitumbwi mingi hupumzika. Hapo ndipo penye nafasi yake ya mbio ndefu. Programu yake iwe ya mwezi mzima, wala isikatwe kwa wiki: siku za giza akimbie mara mbili tatu, polepole, jioni baada ya kulala, siku za mbalamwezi kocha amwongezee. Sijaona programu ya kwenye simu inayoweza kumpa mtu huyu ratiba hiyo. Mtu anayekaa naye ufukweni anaweza.

Hatua ya pili: tafuta kocha

Usitafute jina kubwa. Tafuta mtu mwenye masikio, anayefahamu misingi ya mazoezi na anayekaa mahali unapoweza kufika. Anza na walimu wa michezo waliozoea kuandaa vijana kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari. Baadhi yao wamefundisha riadha kwa miaka mingi na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaomba msaada. Ulizia pia askari wastaafu waliowahi kukimbia katika timu za majeshi.

Ukishampata, sikia kisa hiki. Patrick Sang wa Kenya alipata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Alipokuwa akifundisha vijana huko Nandi, kijana wa jirani alimwendea kuomba programu. Kijana akaifanya yote, akarudi kuomba nyingine, na nyingine tena. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, aliyekuja kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo, na mwalimu hakubadilika. Ninachotaka ukione hapo ni kule kurudi. Programu ya kwanza ya kocha yeyote ni kisio tu. Ya pili huandikwa baada ya kusikia ya kwanza ilivyokwenda.

Nenda kwa kocha wako kwa heshima. Mwamkie, mweleze una umri gani, unafanya kazi gani, umewahi kuumia wapi, na unataka nini. Ukiwa na shinikizo la damu, pumu au maumivu ya kifua, anza hospitali, kocha baadaye. Mkubaliane mapema malipo yake, hata kama ni mafuta ya pikipiki, maana kocha anayejitolea bila makubaliano huishia kuchoka kimyakimya. Kwa mwanamke, jambo moja zaidi: kocha awe mtu unayeweza kumwambia mambo ya hedhi na uzazi bila kuona haya, au awepo mama mtu mzima wa kuyafikisha.

Hatua ya tatu: wiki mbili za kupimwa

Katika wiki mbili za mwanzo kocha mzuri hakukimbizi sana, anakuangalia. Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa nusu dakika, zidisha mara mbili, andika. Baada ya siku kumi na nne utajua mapigo yako ya kawaida. Siku yakipanda sana kupita hapo, mwili unapigana na kitu: uchovu, usingizi mdogo au homa inayokuja.

Kisha jaribio la kilomita 3. Uwanja wa mpira unafaa: pimeni mzunguko wake kwa kamba au futi, msikisie. Kimbia kwa nguvu unayoweza kuidumisha mpaka mwisho, andika muda. Jaribio lirudiwe kila baada ya wiki nne, uwanja uleule, saa ileile.

Mbio za kawaida hazihitaji saa. Zinahitaji mdomo. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari ya jana kwa sentensi nzima huku unakimbia, mwendo ni sahihi. Ukijibu kwa neno mojamoja, umezidisha. Sehemu kubwa ya mazoezi yako iwe ya mwendo huo wa masimulizi, na kwenye miinuko ya Mbinga wakati mwingine utatembea. Tembea. Kocha anayemdharau mtu wa ridhaa kwa kutembea mlimani hajaelewa kazi yake.

Hatua ya nne: jembe lihesabiwe

Hapa ndipo programu nyingi za watu wetu zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanafiziolojia wa Marekani, Carl Foster, alieneza kipimo rahisi cha uzito wa zoezi. Ukimaliza, jiulize lilikuwa gumu kiasi gani kati ya 0 na 10, kisha zidisha kwa dakika. Nusu saa ya mwendo wa polepole yenye ugumu wa 3 ni 90. Mbio ndefu ya dakika 100 yenye ugumu wa 4 ni 400. Kipimo hakikutungwa kwa ajili ya kilimo, na uchovu wa mgongo si sawa na uchovu wa mapafu. Hata hivyo kipeleke shambani uone: saa nne za kuchimba ngoro kwenye mteremko, ugumu wa 5, ni dakika 240 mara 5. Ni 1,200. Siku hiyo moja ina uzito wa mbio ndefu tatu.

Sasa fikiria mtu aliyechimba siku tatu mfululizo, kisha Alhamisi afanye mbio za kasi kwa sababu karatasi imesema hivyo. Andika kila kazi nzito kwenye daftari kama unavyoandika mbio, na kocha akijumlisha wiki ataona mwenyewe pa kupunguza. Wiki za ngoro, mbio mbili fupi zinatosha. Hujarudi nyuma, kwa sababu miguu na kiuno vimefanya kazi ya kutosha ya nguvu.

Hatua ya tano: milima, lami na ziwa

Milima ya Umatengo inakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kati ya milima na ziwa ipo barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, na inashawishi sana kwa kuwa inateremka. Mteremko huumiza misuli ya mapaja taratibu, bila kukupa habari, na maumivu hufika kesho yake au keshokutwa. Kocha akuanzishe na kilomita mbili za kuteremka, hatua fupi, baada ya mwezi wa kwanza. Usiruke hatua hii, kwa maana nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka kisha huteremka, na waliojiandaa kwa kupanda tu huishiwa mapaja kwenye kilomita za mwisho. Barabarani kimbia upande wa kulia, ukiyatazama malori yanayokuja.

Wa ziwani wana shida nyingine. Mchanga laini huvuta vigimbi na kano za visigino, kwa hiyo uwe wa dakika kumi au kumi na tano tu, maeneo mengine yawe ya udongo mgumu. Joto litakupunguzia kasi. Kocha akupangie kwa muda, si kwa kilomita, na uanze kabla jua halijachomoza, mkiwa wawili. Usiingie majini kupoza miguu kwenye midomo ya mito kama Ruhuhu. Kuna mamba, na penye maji yaliyotulia na majani kuna kichocho.

Chakula hakihitaji maneno mengi: ugali au muhogo, maharage, dagaa, ndizi, mboga za majani. Kula zaidi jioni ya kabla ya mbio ndefu, na usijaribu kitu kigeni siku ya shindano.

Malaria ndiyo adui mkubwa wa programu zetu. Ukiwa kwenye dawa ya mseto hukimbii. Ukimaliza dozi na homa ikiwa imekwisha, tembea siku kadhaa, kisha kocha akurudishe na nusu ya ulichokuwa unafanya. Ndiyo siku unayomhitaji zaidi, kwa kuwa peke yako utataka kufidia wiki iliyopotea, na wiki iliyopotea haifidiwi.

Hatua ya sita: kikao cha kila wiki mbili

Kaeni uso kwa uso na daftari katikati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jumapili umeandika dakika sitini. Tulikubaliana tisini."

"Tulikuwa na msiba, Mwalimu. Sikulala."

"Basi sitini zilikuwa nyingi. Wiki hii tunabaki palepale, hatuongezi."

Kikao ni hicho tu, na kina thamani kuliko saa yoyote ya kidijitali. Mkimbiaji anasema kweli, kocha anabadilisha. Ukianza kuandika kilomita ambazo hukukimbia ili kumfurahisha, umeuvunja uhusiano, kwa sababu atakuongezea mzigo juu ya nguvu usiyo nayo. Naye kocha akikasirika kila unapokosa, mwambie kwa adabu kwamba hasira yake inakufundisha kuficha.

Hatua ya saba: siku yenyewe na baada yake

Wiki mbili za mwisho mbio zinapungua, na hata shamba, ukiweza, waachie ndugu. Safari ya Moshi ni ndefu. Fika siku mbili kabla, miguu ipate kupumzika kutoka kwenye basi.

Anza polepole kuliko unavyotaka. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliiletea Tanzania dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Alikaa ndani ya kundi kwa muda mrefu na akatoa alichokuwa nacho kwenye mita za mwisho. Wewe hushindani na Petros, lakini fika kwenye kilomita ya 16 ukiwa bado unaweza kusema sentensi nzima. Tano zilizobaki ni zako, zikimbie utakavyo.

Ukirudi nyumbani, wiki moja bila mbio. Kisha peleka daftari kwa kocha, hata kama umeshindwa kumaliza, na mpitie mambo matatu: wiki gani uliongeza mapema mno, kazi gani ilikuzidi, na sehemu gani ya mwili ililalamika kwanza. Hapo ndipo mjadili shindano lijalo, na likiangukia kwenye mavuno ya kahawa, chagueni lingine.